Namna ya Kulinganisha Amplifaya Mbili za Valvu Sebuleni Kwako: Mwongozo Kamili

Ujumbe unaonijia kutoka Iringa, Njombe, Makambako na hapahapa Mbeya unafanana. Mtu ameazima amplifaya ya pili ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa chupa za kioo badala ya transista, ameifunga sebuleni, amepiga wimbo mmoja kwenye hii na mmoja kwenye ile, akaamua. Wiki tatu baadaye anajuta. Ile aliyoilipia inamchosha masikio, na ile aliyoirudisha ndiyo anayoikumbuka.

Kosa ni lilelile karibu kila mara: kilicholinganishwa kilikuwa ukubwa wa sauti, si amplifaya. Sikio likipewa muziki uleule mara mbili, mara moja ukiwa umezidi kidogo tu, litasema uliozidi ni safi zaidi na besi yake imeshiba. Ziada ya desibeli 1 inatosha kabisa, na wengi hawaitambui kuwa ni ongezeko la sauti. Mimi nilinunua amplifaya yangu ya kwanza ya valvu kwa kosa hilohilo, nikaiuza kwa hasara baada ya miezi minne. Ndiyo maana nimeandika kila kitu hapa, hatua kwa hatua. Tenga jioni mbili, na usiruke hatua.

## Vitu vya kuandaa

- Amplifaya zote mbili na spika zako mwenyewe. Spika za kuazima zitakupa jibu la mwenye spika. Sababu yake iko Hatua ya 6.
- Multimita inayosoma AC kwa hatua ya volti 0.01. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile ndogo ya njano iliyojaa kwa mafundi ina ngazi mbili tu upande wa AC, 200 na 750, na inasoma kwa hatua ya volti 0.1. Kwa kazi hii ni butu. Azima yenye ngazi ya volti 2 au 20 upande wa AC.
- Rezista 4 za omu 8, wati 50, zile za ganda la alumini. Zitashika nafasi ya spika kwenye amplifaya isiyo na spika. Zifunge kwa skrubu kwenye kipande cha bati nene, maana zinapata moto.
- Chanzo kimoja cha muziki, simu au deki ya CD, pamoja na waya za RCA zenye kiungo cha kugawa ili kilishe amplifaya zote mbili kwa wakati mmoja.
- Programu ya simu ya kutoa mlio wa Hz 400. Multimita nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Hz 50, na usahihi wake hupotea ukivuka Hz 400 au hapo karibu. Usitumie Hz 1,000 kwa sababu tu umeona wengine wanaitumia.
- Tepu ya karatasi, kalamu yenye ncha nyembamba, daftari.
- Msaidizi mmoja asiyejali ipi ishinde. Kwangu ni shemeji, anayependa kwaya na hana habari na valvu.

## Maonyo, kabla hujachomeka chochote

Usifungue kifuniko cha chini. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 450 za DC, na kapasita zake, yaani vihifadhi vya umeme, zinaweza kuendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Vipimo vyote vya mwongozo huu vinachukuliwa nje, kwenye matundu ya spika.

Usiwahi kupiga muziki kwenye amplifaya ya valvu ambayo haina spika wala rezista. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti ndani yake hupanda kupita kiasi na inaweza kuungua. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, na si kila fundi anaweza kuisuka upya.

Usifunge amplifaya mbili kwenye spika moja kwa pamoja, hata kwa sekunde moja.

Kioo cha valvu ya nguvu kinaunguza ngozi papo hapo. Nyumba yenye watoto, weka amplifaya juu ya meza nzito, si sakafuni.

## Hatua ya 1: Soma bati la nyuma na majina ya valvu

Andika volti, Hz, wati na omu za matundu ya spika. Kisha soma majina yaliyoandikwa kwenye vioo. EL84, EL34, KT88 na 300B ni valvu za nguvu. ECC83, ambayo ni ileile 12AX7, ni ndogo ya kukuzia sauti mwanzoni.

Angalia pia mpangilio. Ikiwa kila upande una valvu moja ya nguvu, huo ni mpangilio wa valvu moja: EL84 hutoa wati 3 hadi 5, 300B karibu wati 8. Ikiwa kila upande una jozi, mara nyingi ni sukuma-vuta, yaani valvu mbili zinazopokezana kazi: jozi ya EL84 hutoa wati 12 hadi 17, jozi ya EL34 kati ya 35 na 50.

Sasa linganisha na wepesi wa spika zako, yaani sauti inayotoka kwa nguvu ndogo, ulioandikwa kwa dB (desibeli) kwa wati 1 kwa mita 1. Spika ya dB 88 ikipewa wati 5 inafika karibu dB 95 kwa mita moja. Ikipewa wati 35 inafika karibu 103. Tofauti ni desibeli 8 tu, ingawa wati zimezidi mara saba. Kwa sebule ya kawaida ya mita nne kwa tano na msikilizaji wa sauti ya wastani, wati 5 kwenye spika ya dB 92 zinatosha. Kwenye spika ya dB 84 hazitoshi, na hapo huna haja ya kuendelea na ile ndogo.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema, bila kukisia, kwamba zote mbili zina nguvu ya kuendesha spika zako.

## Hatua ya 2: Umeme

Tanzania tunatumia volti 230, Hz 50. Amplifaya ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Tafuta transfoma ya kushushia yenye wati angalau mara moja na nusu ya zilizoandikwa kwenye bati. Na bati likisema Hz 60 peke yake, muulize fundi kwanza: transfoma iliyopimiwa Hz 60 hupata moto zaidi ikilishwa Hz 50.

Kisha pima soketi yako. Hili linadharauliwa sana. Nyuzi za kupasha valvu hutaka volti 6.3, na nyingi huvumilia asilimia 10 juu au chini. Soketi ikishuka kutoka 230 hadi 205, nyuzi zinapata volti 5.6, nje ya mpaka huo. Sauti hulegea, nawe utailaumu amplifaya isiyo na kosa. Nyumbani kwangu saa moja hadi saa tatu usiku, wakati majiko na pasi za mtaa mzima zimewashwa, siwezi kufanya jaribio la maana. Nafanya baada ya saa nne.

Stebilaiza inasaidia, ila zile zinazobadilisha kwa kugonga "tak" huruka volti kadhaa kwa mpigo mmoja. Ukiisikia inagonga katikati ya jaribio, andika na urudie kipande hicho.

Umefanikiwa ikiwa soketi inasoma kati ya 220 na 240 na haiyumbi zaidi ya volti 5 kwa nusu saa.

## Hatua ya 3: Iache itulie baada ya safari

Amplifaya ikitoka Makete au Njombe kwa basi la alfajiri mwezi Juni au Julai, inafika ikiwa baridi kama jiwe. Ukiitoa kwenye boksi ndani ya nyumba yenye joto la jikoni, unyevu hutanda juu ya chuma na kwenye soketi za valvu, kama unavyotanda kwenye chupa ya soda iliyotoka friji. Unyevu na volti 400 havikai pamoja. Iache ndani ya boksi lake kwa muda wa saa nne, kisha itoe uiache kwa saa moja zaidi.

Kagua kama valvu zimekaa sawa. Zisukume chini kwa upole, amplifaya ikiwa haijachomekwa. Valvu yenye doa jeupe kama maziwa ndani ya kioo, mahali palipopaswa kung'aa kama kioo cha kujitazamia, imeingiwa na hewa. Imekufa, usiiwashe.

## Hatua ya 4: Funga, washa, pasha

Spika ya omu 8 iende tundu la omu 8, ya omu 4 tundu la omu 4. Kwenye amplifaya inayosubiri zamu, funga rezista moja ya omu 8 kila upande kwenye tundu la omu 8. Gawa waya wa chanzo uende kwa zote mbili.

Ukisikia mvumo uliokuja baada tu ya kuunganisha zote mbili, unatokana na njia mbili za ethi zinazokutana kwenye waya za RCA. Chomeka amplifaya zote na chanzo kwenye soketi moja ya ukutani. Usikate waya wa ethi wa plagi kwa ajili ya kunyamazisha mvumo. Chasisi ya chuma isiyo na ethi, yenye volti 400 ndani, imeua watu.

Washa zote mbili dakika 30 kabla ya kupima. Kama amplifaya ina matundu ya nje ya kupimia bayasi, yaani mkondo wa valvu ikiwa imepumzika, hakikisha inalingana na kitabu chake. Isiyo na matundu hayo mwachie fundi, au huenda inajipanga yenyewe.

Umefanikiwa ikiwa hakuna valvu ambayo bamba lake la chuma limekuwa jekundu. Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni wa kawaida. Bamba lenyewe likiwa jekundu, zima mara moja.

## Hatua ya 5: Sawazisha sauti kwa mita, si kwa sikio

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote wanaoniandikia.

Piga mlio wa Hz 400 kutoka kwenye simu. Usiguse sauti ya simu tena hadi mwisho wa jaribio. Spika zikiwa zimefungwa kwenye amplifaya A, weka ncha za multimita kwenye matundu ya spika ya kushoto. Ongeza sauti polepole hadi isome volti 1.00. Bandika tepu ya karatasi pembeni ya kitufe na uchore mstari mwembamba.

Pima upande wa kulia bila kugusa kitufe. Ikisoma 0.98 hadi 1.02, vizuri. Ikisoma 0.90, kitufe cha sauti cha amplifaya hiyo hakilingani pande mbili. Andika, kwa sababu mwimbaji atasogea upande mmoja na hilo ni doa halisi la amplifaya.

Simamisha mlio. Hamisha spika kwenda B kwa mpangilio huu: ongeza rezista kwenye matundu ya A, ndipo utoe spika kwa A. Zifunge kwa B, ndipo utoe rezista za B. Kwa njia hii hakuna amplifaya inayobaki bila mzigo hata kidogo. Piga mlio, ongeza B hadi 1.00, chora mstari.

Kwa nini ugomvi wote huu wa sehemu za mia za volti? Volti 1.12 dhidi ya 1.00 ni desibeli 1 kamili, na desibeli 1 inatosha kumpa ushindi asiyestahili. Ukibaki ndani ya 0.02 umeshuka chini ya desibeli 0.2, na hapo sikio halina upendeleo wa kujificha nyuma yake. Kusawazisha kwa sikio hakufiki huko. Nimewaona mafundi wa miaka thelathini wakikosea kwa desibeli 2 huku wakiapa.

Volti 1.00 kwenye spika ya omu 8 ni wati 0.125 tu. Usishangae. Sehemu kubwa ya usikilizaji wa nyumbani hufanyika chini ya wati 1.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuhama A, B, A na kupata 1.00 kila unaporudi kwenye mstari.

## Hatua ya 6: Pima ukinzani wa ndani

Nakaa hapa kwa kirefu, kwa sababu hatua hii inajibu swali la "mbona kwa rafiki yangu ilikuwa tamu?"

Spika ya omu 8 haikai omu 8. Kwenye sauti fulani inashuka hadi omu 6, kwenye besi fulani inaweza kupanda hata omu 30. Amplifaya nayo ina ukinzani wake ndani, na huo hugawana volti na spika. Chukua ukinzani wa ndani wa omu 2.5. Pale spika ilipo omu 6, sauti inapoteza desibeli 3. Pale ilipo omu 30, inapoteza 0.7 tu. Maana yake amplifaya hiyo imepandisha sehemu moja ya muziki kwa desibeli 2.3 kuliko nyingine, bila mtu yeyote kugusa kitufe cha besi. Ukinzani ukiwa omu 0.5, tofauti hiyo inashuka hadi desibeli 0.6 hivi.

Ile "besi ya joto ya valvu" ambayo watu huipa sifa za kishairi, mara nyingi ni hesabu hii. Badilisha spika, nayo inahamia mahali pengine au inatoweka.

Namna ya kupima, upande mmoja tu, upande wa pili ukiwa na rezista yake:

1. Funga rezista moja ya omu 8. Piga mlio wa Hz 400, weka volti 2.80. Hiyo ni mkondo wa ampea 0.35.
2. Simamisha mlio. Funga rezista ya pili sambamba na ya kwanza, upate omu 4. Usiguse kitufe.
3. Piga mlio tena, soma volti. Tuseme 2.20. Gawanya kwa 4, unapata ampea 0.55.
4. Volti zimepungua 0.60, ampea zimeongezeka 0.20. Gawanya 0.60 kwa 0.20: omu 3.

Amplifaya nyingine ikisoma 2.60 kwenye omu 4, volti zimepungua 0.20 na ampea zimeongezeka 0.30. Jibu ni omu 0.67.

Za valvu moja zisizo na mrejesho, yaani zisizorudisha sehemu ya sauti ya mwisho kujisahihisha mwanzoni, mara nyingi huangukia omu 2 hadi 4. Sukuma-vuta zenye mrejesho nyingi ziko kati ya 0.5 na 1.5. Hakuna namba iliyo bora yenyewe. Ila sasa ukisikia B ina besi nzito unajua inatoka wapi, na unajua kwamba siku ukinunua spika nyingine utalazimika kulinganisha upya.

## Hatua ya 7: Sikiliza bila kujua

Chagua nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Mimi hutumia dansi ya zamani yenye magitaa mawili na saksafoni, kwaya ya sauti nne bila vyombo, na ngoma za Kinyakyusa zilizorekodiwa uwanjani. Kwaya ndiyo hakimu mkali kuliko zote: sauti nne zikibanana na ukashindwa kumfuata mwenye sauti ya tatu, amplifaya hiyo inachanganya.

Fanya usiku usio na mvua. Bati likianza kulia, hasa ukiwa Tukuyu, ahirisha tu.

Keti ukitazama ukuta. Msaidizi atupe shilingi: mwenge ni A, kichwa ni B. Ahamishe spika kwa mpangilio wa Hatua ya 5, muziki ukiwa umesimama. Afanye mizunguko ya mikono na kelele zilezile hata kama shilingi imemwambia asibadilishe. Akwambie tu, "Haya kaka, tayari." Sikiliza dakika moja, andika A au B. Rudieni mara kumi.

Ukipata 9 au 10 sahihi, unasikia tofauti ya kweli: kubahatisha tu kunafika hapo karibu mara 1 kati ya 100. Ukipata 5 au 6, kwa muziki huo na spika hizo hujaonyesha kwamba unazitofautisha. Ichukue ya bei nafuu na ubaki na fedha yako. Nasema hivi kwa heshima, maana najua inauma kusikia hivyo juu ya kitu ulichokitamani mwaka mzima.

Ukishajua kwamba tofauti ipo, ndipo uulize ipi unaipenda. Andika maneno ya kawaida: "besi inavuta", "matoazi yanachoma", "mwimbaji amesogea mbele". Usiandike alama kati ya kumi, hazikusaidii kitu kesho.

## Hatua ya 8: Mvumo, joto na valvu za akiba

Simamisha muziki, acha sauti kwenye mstari, weka sikio karibu na spika. Mvumo unaousikia ukiwa umegusa spika si neno. Unaousikia ukiwa kwenye kiti utakuudhi kila usiku.

Valvu za nguvu huishi takriban saa 2,000 hadi 5,000. Ukisikiliza saa tatu kwa siku, ni karibu saa 1,100 kwa mwaka. Kwa hiyo hesabu bei ya seti moja ya akiba ndani ya bei ya kununua, pamoja na nauli ya kuiagiza. Usitegemee kuikuta madukani Mwanjelwa wala Kabwe, hapa Mbeya, siku ile moja imekufa. Seti ya EL84 ni nafuu sana kuliko jozi ya 300B, na tofauti hiyo peke yake imewaamulia wengi.

## Hatua ya 9: Wiki moja na iliyoshinda

Ifunge iliyoshinda, isikilize siku saba kwa sauti unayoitumia kila siku, ukila, ukisoma, wageni wakiwa wamekaa. Jaribio la dakika moja haliwezi kukuambia kama masikio yanachoka baada ya saa mbili.

Siku ya nane rudisha ile nyingine, kitufe kikiwa kwenye mstari wake wa kalamu, upige nyimbo zilezile tatu. Ukijikuta unataka kurudi kwenye ya kwanza kabla wimbo wa pili haujaisha, ifunge iliyoazimwa kwenye boksi lake, valvu zikiwa zimepoa, umrudishie mwenyewe.